Trekta kuukuu likigoma: anzia wapi kabla hujaita fundi

Matrekta mengi yanayofyeka viwanja vya mpira, bustani za mahoteli na mashamba ya minazi hapa Unguja na Pemba yamewapita madereva wake kwa umri. Massey Ferguson 135 ilitengenezwa kati ya 1964 na 1975, Ford 3000 ni ya zama hizo hizo, na bado ndizo zinazovuta tela la mawe asubuhi na kufyeka majani jioni. Likigoma, neno la kwanza kutoka mdomoni mwa mwenye nalo ni "injini imekwisha". Mara nyingi injini haijaisha. Ile Perkins ya silinda tatu iliyomo ndani ya 135, ya lita 2.5, ni injini ngumu kufa. Kinachogoma ni vitu vinavyoizunguka: dizeli chafu, hewa iliyoingia kwenye mipira, waya ulioliwa na chumvi, maji ya kisima yaliyojaza chokaa kwenye rejeta. Na tukija kwenye kufyeka, nusu ya malalamiko si ubovu kabisa, ni lever iliyowekwa pasipo pake.

Kwa hiyo anza nje, uingie ndani pole pole. Hedi, yaani kichwa cha injini, ifunguliwe mwisho.

Jambo moja kabla hujashika spana. Matrekta haya yaliyotoka Uingereza yamefungwa kwa nati za inchi. Spana za milimita tulizozizoea zinaelewana na baadhi tu. Ya 19 inakaa vizuri kwenye nati ya 3/4, ya 16 inakaa kwenye ya 5/8, ya 13 inalegea kidogo kwenye ya 1/2 lakini utamaliza kazi. Nati ya 9/16 ndiyo yenye taabu: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na kula kona, mwisho watu wanaigongea patasi. Tafuta seti moja ya inchi, hata ya mtumba, uifiche isiazimwe.

Unageuza ufunguo, kimya

Tazama kwanza lever ya gia kubwa na ndogo. Kwenye 135 stata haipati umeme mpaka lever hiyo iwe katikati, kwa sababu ina swichi ya usalama. Dereva mgeni anaweza kupoteza asubuhi nzima hapo.

Kama lever iko sawa, njoo kwenye betri. Upepo wetu una chumvi, na vichwa vya betri vinaota unga mweupe wa kijani ambao haupitishi umeme hata kama nati imekazwa. Vifungue, vioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vikwangue mpaka ung'ae risasi, funga, kisha paka grisi juu. Usipake grisi kabla ya kufunga.

Ukiwa na mita, kazi inakuwa nyepesi. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Mwambie mtu apige stata huku wewe unatazama: ikianguka chini ya 9.6, betri ndiyo mgonjwa, au haijachajiwa. Ikibaki juu na stata haisogei, betri haina kosa, umeme unapotea njiani. Njia inayopoteza umeme zaidi ni waya wa asi, ule unaotoka betri kwenda kwenye bodi. Umefungwa mahali penye rangi, kutu na tope, na hakuna anayeutazama. Chukua waya wa kuamshia betri, shika upande wa asi wa betri na upande wa pili ubane kwenye chuma kitupu cha injini. Stata ikiamka, umeshapata jibu.

Kuna mtindo wa kuwasha kwa kugusisha bisibisi kwenye stata, mtu amesimama chini mbele ya tairi kubwa la nyuma. Hapo swichi ya usalama imerukwa. Trekta likiwa kwenye gia linawaka na kwenda papo hapo, na lililo mbele yake ni wewe. Huu si ufundi, uache.

Stata inazungusha, injini haishiki

Kabla ya lolote, hakikisha kamba ya kuzimia imerudi. Kutu huibana ndani ya mfuko wake, nawe unabaki kuzungusha injini ambayo pampu yake imefungiwa mafuta. Nenda mbele, sukuma kile kimkono kwenye pampu kwa kidole.

Kisha tazama moshi. Ukizungusha na bomba likatoa moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui. Bomba likiwa halitoi chochote, dizeli haifiki. Hali hii ya pili ndiyo ya kila siku, na sababu yake karibu daima ni hewa au maji.

Maji yanatoka wapi? Yanatoka kwenye pipa la dizeli lililokaa nje masika nzima, na kwenye tangi linaloachwa nusu: unyevu wa usiku unaganda kwenye bati la ndani na kuteremka chini. Jaza tangi jioni, usingoje asubuhi. Dizeli ya pipa iache itulie, na ule mkono wa mwisho wa chini usiunyonye. Pampu ya CAV iliyofungwa kwenye Perkins hizi inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Ndiyo maana maji yanaiua, na ndiyo maana kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ili kupunguza gharama ni kununua pampu kwa mkopo.

Kutoa upepo ni kazi ambayo kila dereva aijue. Fungua koki ya tangi. Toa kikombe cha chini ya filta, mwaga, utazame kilichotoka kwenye kiganja: maji hujikusanya matone ya duara chini ya dizeli. Rudisha, badilisha filta kama imeshakuwa nyeusi. Sasa legeza skrubu ya juu ya filta na ubonyeze kimkono cha pampu ndogo ubavuni mwa injini. Kikiwa kilegevu, hakina upinzani, pampu haijafa: kemu, lile jino la ndani linaloisukuma, imeisimamisha. Zungusha injini kidogo kwa stata, kimkono kitapata nguvu. Bonyeza mpaka povu liishe na dizeli itoke imara, kisha kaza huku bado inatoka. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu mbili za pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, weka resi mwisho, piga stata mpaka kila bomba litapike, kaza.

Dereva kijana huwa amekwisha kata tamaa mapema. "Ami, hili lishakufa." "Lishakufa wapi! Bonyeza, mwanangu, bado povu."

Injini ikishawaka, usiweke mkono wala kidole kwenye bomba la nozeli linalovuja. Dizeli pale inatoka kwa msukumo unaopenya ngozi, na kidonda chake kwa nje ni kama tundu la sindano tu. Aliyepigwa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiwa umetoa upepo vizuri na kesho yake trekta limerudia, kuna mahali panavuta hewa. Palipovuja dizeli wakati limezimwa ndipo panapovuta hewa likifanya kazi. Angalia mpira unaotoka tangini, pete za shaba (washa) ambazo zimekandwa mara nyingi, na kile kihita kidogo kwenye manifoldi chenye bomba lake la dizeli. Kihita hicho kiliwekwa kwa ajili ya asubuhi za baridi ya Ulaya. Hapa kwetu hakina kazi, na ukikiziba vizuri bomba lake hupotezi kitu.

Linawaka vizuri, likifika nusu saa linazima

Linazima pole pole, kama aliyebanwa koo. Ukingoja kidogo linawaka tena, na likienda nusu saa nyingine linazima. Watu wengi wamebadilisha pampu kwa dalili hii. Fungua kofia ya tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kofia limeziba na dizeli haiwezi kushuka kwa sababu hakuna hewa ya kushika nafasi yake. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana vitundu vya namna hiyo. Wanapenda pia mipira ya kupumulia ya gia boksi, kwa hiyo ukiwa na waya mwembamba mkononi pita kote.

Kofia ikiwa safi, toa bomba kwenye koki ya tangi utazame mtiririko. Ukianza kwa nguvu na kufifia, ndani ya tangi kuna takataka inayofuata mkondo na kuziba tundu, halafu inaelea ukizima. Hapo dawa ni kulishusha tangi na kuliosha.

Moshi

Mweusi: dizeli nyingi, hewa kidogo. Matrekta haya mengi yana kisafisha hewa cha bakuli la oili, na siku moja ya kufyeka majani makavu inatosha kulijaza vumbi na maua. Toa bakuli, na ukikuta tope imekaa chini, mwaga na utie oili mpya mpaka kwenye alama, isizidi. Moshi mweusi unaotoka tu ukiingia kwenye majani mazito unasema umelizidishia kazi. Shuka gia.

Buluu ni oili inayoungua, ringi au gaidi za valvu (vile virija ambamo valvu zinapita). Kama ni kidogo asubuhi kisha kinapotea, ishi nacho.

Mweupe usioisha, unaonuka dizeli mbichi, mara nyingi ni nozeli inayotiririsha badala ya kupuliza. Legeza nati ya bomba moja moja kwa spana injini ikiwa taratibu, mkono ukae mbali na dizeli inayoruka: ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Mweupe usio na harufu, na maji yakipungua kwenye rejeta, hiyo ni habari ya gasketi ya hedi, tutaifikia.

Neno kuhusu bomba la moshi lililosimama wima bila kifuniko. Mvua za masika zinaingia moja kwa moja, na valvu ikiwa imeachwa wazi maji yanajaza silinda. Ukipiga stata pistoni inagonga maji, na maji hayasindiliki, kondi rodi, fimbo inayoshika pistoni, ndiyo inayopinda. Trekta lililonyeshewa siku kadhaa, kama stata inagota ghafla na kusimama, usirudie. Toa nozeli, zungusha, acha maji yarukie nje. Kopo la maziwa lililogeuzwa juu ya bomba lingetosha kuzuia yote hayo.

Linachemsha

Kufyeka ndiko kunakochemsha kuliko kuvuta tela, kwa sababu trekta linakwenda polepole, injini iko juu, na mbele kuna wingu la mbegu. Sababu ya kwanza ipo mbele ya macho: rejeta imevaa koti la majani. Lisafishe kutoka upande wa feni kwenda mbele, kinyume cha upepo unavyoingia, kwa mpira wa maji wa nguvu ndogo. Mashine ya presha inalaza mapezi. Ukiwa umepita penye upupu, funga mikono na uso kabla hujagusa, na usimwachie mtoto kazi hiyo. Wapo wanaofunga wavu wa chuma mbele ya shoo, ule uso wa trekta, wakaupangusa kila wakimaliza mistari michache. Ni jambo zuri, ila wavu usiwe mwembamba kama wa mbu, unaziba haraka kuliko rejeta yenyewe.

Sababu ya pili haionekani. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima, hasa upande wa maweni kama Makunduchi, Kizimkazi na Nungwi, yana chokaa nyingi. Penye kisima kilicho karibu na pwani yana na chumvi juu yake. Birika la nyumbani linakuonyesha kinachotokea. Ndani ya rejeta ni hivyo hivyo, ila kwenye njia nyembamba, na kwenye koti la silinda chokaa inafanya kazi ya blanketi. Ukipapasa rejeta wakati injini imezimwa na ina joto la wastani, ukakuta sehemu ni ya moto na sehemu ni baridi, sehemu baridi imeziba. Ishushwe, ipelekwe kwa mtu wa rejeta aifungue na kuipitisha fimbo. Baada ya hapo tia maji ya mvua, yale ya bati yaliyochujwa, pamoja na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Wengine husema kulanti ni ya nchi za barafu. Kazi yake nyingine ni kuzuia kutu, na hiyo tunayo ya kutosha.

Mkanda wa feni ukiusukuma kwa kidole gumba katikati uingie kama sentimita moja, si zaidi sana. Kofia ya rejeta nayo iwe na springi na mpira mzima, kwani bila msukumo maji yanachemka mapema.

Fundi anaweza kukuambia utoe kabisa thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto. Kwa nchi ya joto trekta litafanya kazi, lakini injini isiyofikia joto lake inakula oili na kutoa tope ndani. Mimi naiacha, nainunua mpya ikiwa imekwama. Kuipima ni rahisi, itie kwenye sufuria ya maji jikoni, uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka.

Yote yakiwa sawa na bado linachemsha, fungua kofia injini ikiwa baridi, washa, tazama maji. Mapovu yanayopanda bila kukoma, maji yanayorushwa nje, au oili kwenye stiki imegeuka rangi ya chai ya maziwa: gasketi ya hedi. Hapo sasa mwite fundi. Na likiwa limechemka, usilimwagie maji baridi wala usifungue kofia kwa pupa. Liache taratibu bila mzigo, lipoe lenyewe.

Majani hayakatiki sawa

Hapa ndipo nilipotaka kufika, maana mashine ya kufyekea inasingiziwa mengi.

Majani yaliyolala na kusimama tena nyuma yako, au yaliyochanwa ncha zikawa nyeupe, yanasema visu havina mwendo. PTO ya matrekta haya, ile ncha ya nyuma inayozungusha shafti ya mashine, ni ya mizunguko 540 kwa dakika, na kwenye 135 unaipata injini ikiwa karibu 1700. Dereva anayeogopa kelele anafyeka kwa resi ya chini ili "asiichoshe injini", na kwa kweli anaichosha zaidi. Weka resi kwenye 540 kwanza, iache hapo, kisha chagua gia kulingana na majani. Ukitaka kwenda polepole teremsha gia, usiteremshe resi.

Saa ya mizunguko ikiwa imekufa, na nyingi zimekufa, hesabu kwa jicho: paka chokaa alama moja kwenye shafti, na kama unaweza kuifuata kwa macho iko chini mno. Shafti ya 540 inazunguka mara tisa kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo hiyo, ncha ya kanzu, kikoi au kanga ikishikwa na shafti isiyo na kinga, mtu anakuwa ameshazungushwa kabla hajapata muda wa kupiga kelele. Suruali ya kubana, kinga ya shafti iwepo, na hakuna wa kuivuka injini ikiwa inaunguruma, hata kama anataka tu kuchukua chupa ya maji upande wa pili.

Mstari mmoja mrefu unaobaki katikati au ubavuni ni kisu kibutu au kimoja kimepinda. Uwanja uliokatwa ngazi ngazi, mashine imeinama upande: pima mikono miwili ya chini na uisawazishe kwa ile krenki ya kulia. Mbele na nyuma je? Pembe ya mbele ya mashine iwe chini kuliko ya nyuma kwa kama sentimita mbili. Ikiwa nyuma ndiyo iliyo chini, kisu kinayakata majani mara mbili, trekta linakosa nguvu, na wewe unalaumu nozeli. Rekebisha kwa mkono wa juu.

Na kama mashine inapanda na kushuka yenyewe, uwanja unabaki mawimbi mawimbi, acha kutafuta pampu. Massey ina lever mbili za hidroliki. Moja inasikiliza uzito wa plau udongoni na kuinua yenyewe jembe likibanwa. Hiyo ni ya kulimia. Nyingine inashika kimo. Wengi wanakuja kufyeka wakitoka kulima mabonde ya mpunga Cheju au Bumbwisudi, na lever ya kulimia wameiacha ikifanya kazi. Fyeka kwa lever ya kimo.

Inatetemeka mpaka meno yanagongana

Zima, toa PTO, ngoja visu visimame kabisa, tia magogo chini ya mashine kabla hujaingiza mkono. Hidroliki ya miaka hamsini si kitu cha kulalia chini yake.

Kuna kisu kimoja kilichovunjika au kilichobadilishwa peke yake. Visu vibadilishwe kwa jozi, vilingane uzito. Kama visu ni sawa, tazama kamba: za nazi, za nailoni, nyavu za kuvulia na waya wa uzio hujizungusha kwenye shina la visu, na zikikaza zinakata sili ya gia boksi. Oili inatoka, na mashine inakaukiwa. Vumbi lililogandamana chini ya gia boksi ndilo linalokuonyesha kuwa sili imekwenda.

Shafti yenyewe ina mambo yake. Uma wa upande wa trekta na uma wa upande wa mashine lazima vikae mstari mmoja. Ikiwa shafti imetenganishwa kwa ajili ya grisi na kurudishwa imepishana, inapiga hata ikiwa na krosi (kiungo cha shafti) mpya. Ikiwa ni ndefu mno, ukiinua mashine inagota na kusukuma beringi ya PTO. Ikiwa fupi mno inachomoka kwenye bonde. Wakati wote sehemu inayoingiliana iwe angalau theluthi moja.

Bolti ya usalama inayokatika kila baada ya kole la mnazi au kisiki inafanya kazi yake. Yule anayetia kipande cha nondo badala yake anahamishia kukatika kwenye meno ya gia.

Kabla ya kufyeka uwanja wa skuli, pitisha watu waokote. Kipande cha jiwe la matumbawe kinachorushwa na kisu kinakwenda mbali na hakina upande maalumu. Minyororo ya kinga ya nyuma iwepo yote, na watoto wawe madarasani au wameondoka kabisa. Kwenye mashamba ya mikarafuu Pemba pana shida nyingine mbili. Mizizi ya mkarafuu iko juu juu, kwa hiyo inua mashine na pale karibu na shina mwachie mtu wa panga. Na ile milima! Haya ni matrekta yasiyo na fremu ya kumlinda dereva likipinduka. Mteremko uende nao juu na chini, usiukate kwa ubavu, na penye ukali zaidi ya hapo usiingie.

Unakanyaga klachi, trekta linaendelea kwenda

Kuna sababu mbili zisizofanana.

Trekta lenye klachi moja, PTO yake inaendeshwa kupitia gia boksi. Ukikanyaga klachi, visu vizito bado vina mwendo, vinarudisha nguvu kupitia shafti na kulisukuma trekta mbele mita kadhaa, mpaka kwenye ukuta au mtaroni. Hakuna kilichoharibika. Dawa ni kununua kifaa cha kufunga kwenye PTO kinachozunguka upande mmoja tu. Si ghali ukilinganisha na ukuta. Kabla hujakipata, ongoza kwa kutoa gia mapema na kushika breki. Zile 135 zenye klachi ya hatua mbili hazina tatizo hili: nusu ya pedali inasimamisha trekta huku visu vikizunguka, pedali yote inasimamisha na visu.

Sababu ya pili ni trekta lililosimama masika nzima bila kuguswa. Diski imeganda kwa kutu, gia zinasaga haziingii. Pasha injini moto kwanza, nenda mahali peupe pasipo mtu, ingia gia ya juu, kanyaga klachi mpaka mwisho na uguse breki na resi kwa kupokezana mpaka ibanduke. Ukijua litasimama muda mrefu, bana pedali chini kwa kigogo, nayo haitaganda.

Mikono ya hidroliki haiinui

Kwanza: PTO umeitia? Kwenye 135 pampu ya hidroliki imo ndani ya mwili wa trekta na inaendeshwa na shafti hiyo hiyo. Lever ya PTO ikiwa nje, hakuna kuinua, hata ubadilishe oili mara ngapi.

Pili: kimo cha oili. Gia boksi, difu na hidroliki vinatumia oili moja, karibu lita 30, na ikipungua kidogo tu pampu inavuta hewa, utasikia inalia. Oili ikiwa nyeupe imeingia maji, na njia ya maji ni ule mpira uliopasuka chini ya fimbo ya gia. Mwaga yote ingawa bei inauma, badilisha mpira, na mvua ikija funika hata kwa turubai. Ikiinua vizuri ila inashuka ukizima, ni sili ya silinda au valvu. Kwa kufyeka unaweza kuvumilia, kwa kunyanyua watu au mizigo usithubutu.

Oili ya injini inazidi badala ya kupungua

Nusa stiki. Ikinuka dizeli, ngozi ya pampu ndogo ya ubavuni imepasuka na inamimina dizeli ndani ya oili, au sili ya pampu kubwa imechoka. Usiendelee na kazi, oili nyepesi haibebi beringi. Kubadilisha seti ya vipuri vya pampu ndogo ni kazi ya saa moja.

Tela, visiki na mwani

Kung'oa kisiki kwa trekta kumeua madereva wengi duniani, na namna yake ni ile ile: mnyororo umefungwa juu, kwenye mkono wa juu au kwenye ekseli, kisiki kimekataa, na trekta linajizungusha juu ya magurudumu yake ya nyuma na kumwangukia aliyekaa. Inachukua muda mfupi kuliko wa kufikia klachi. Mzigo wowote ufungwe kwenye drobaa, ile pau ya kuvutia iliyo chini nyuma ya trekta. Kisiki kigumu kizungushiwe jembe na shoka kwanza, mizizi ikatwe.

Anayebeba mwani Paje au Jambiani, au mchanga, aoshe trekta na tela kwa maji baridi yasiyo na chumvi jioni ile ile, hasa ndani ya rimu, kwenye springi za breki na kwenye nipeli (vitundu vya kutilia grisi), kisha atie grisi mpaka ya zamani itoke na maji yake. Breki ikivuta upande mmoja, fungua ngoma ya upande usiovuta: ukiikuta imelowa oili, sili ya ekseli ndiyo ya kubadilisha kabla ya ngozi mpya, au ngozi mpya nazo zitalowa. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja kwa kile kilachi kila unapotoka shamba kuingia barabarani. Ukikanyaga moja peke yake ukiwa na tela la mawe kwenye mteremko, trekta linageuka na tela linakuja juu.